Kutoka begani hadi kinywani: historia ya chanjo ya kipindupindu

Hadi mwaka 1973, msafiri aliyevuka mipaka aliweza kudaiwa, pamoja na pasipoti yake, cheti chenye mhuri wa sindano ya kipindupindu. Mahujaji walichomwa kabla ya kupanda meli, mabaharia walichomwa bandarini, na wafanyabiashara waliosafiri mara kwa mara walirudia kila baada ya miezi sita kwa kuwa cheti hakikudumu zaidi ya hapo. Mwaka huo Mkutano wa Afya Duniani ulilifuta sharti hilo katika kanuni za kimataifa. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 1960 huko Ufilipino, India na nchi ambayo leo ni Bangladesh yalikuwa yameonyesha kwamba sindano ile, hata ilipofanya kazi vizuri, ilipunguza ugonjwa kwa takriban nusu tu, tena kwa miezi michache. Mtu aliyechanjwa aliweza kubeba vimelea tumboni na kuvuka navyo mpaka huku karatasi yake ikiwa haina kasoro.

Wengi wanadhani kwamba baada ya hapo dunia ilikaa bila chanjo mpaka sayansi ilipopata jibu miaka ya karibuni. Sivyo. Chanjo ya kumeza iliyofanya kazi vizuri ilikuwa imeshajaribiwa kwa maelfu ya watu kufikia mwaka 1985. Ghala la dunia la chanjo hiyo lilifunguliwa mwaka 2013. Miaka 28 iliyo katikati ndiyo inayonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu katika kipindi hicho maabara hazikulala. Kilichochelewa ni uamuzi wa kuitengeneza chanjo hiyo kwa bei na kwa umbo linalomfaa mtu anayeugua kipindupindu, badala ya mtalii anayekiogopa.

Sindano yenyewe ilianza mapema mno. Robert Koch, Mjerumani, alikitambua kimelea cha kipindupindu huko Misri na Calcutta mwaka 1883 na 1884, ingawa Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa ameshakiona kwenye darubini mwaka 1854 bila kusikilizwa. Mwaka mmoja tu baada ya taarifa za Koch, daktari Mhispania Jaume Ferrán alikuwa akiwachoma makumi ya maelfu ya watu wa jimbo la Valencia vimelea hai chini ya ngozi. Alifuatwa na Waldemar Haffkine, mzaliwa wa Odessa aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Haffkine alijichoma mwenyewe mwezi Julai 1892, kisha akaenda India. Mwaka 1894, katika mtaa wa Kattal Bagan mjini Calcutta, aliwachanja watu 116 kati ya takriban 200. Kipindupindu kiliporudi kiliwapata watu 10, wote wakiwa miongoni mwa wasiochanjwa. Wilhelm Kolle wa Ujerumani alirahisisha kazi mwaka 1896 kwa kutumia vimelea vilivyouawa kwa joto, na kwa miaka mingi iliyofuata dunia ilichoma sindano za namna hiyo.

Mtu mmoja hakuridhika na sindano hiyo. Alexandre Besredka, naye wa Taasisi ya Pasteur, alishikilia kwamba ugonjwa unaoingia kwa mdomo na kukaa utumboni unapaswa kuzuiwa hukohuko utumboni. Chanjo yake ya vidonge, iliyotanguliwa na nyongo ya ng'ombe, ilijaribiwa India katika miaka ya 1920. Nyongo iliwasumbua watu tumboni na wazo likawekwa kando. Leo tunajua Besredka alikuwa ameliona jambo la msingi. Kimelea cha kipindupindu hakiingii kwenye damu. Kinashikamana na ukuta wa utumbo mwembamba na kufanya madhara yake yote pale juu, upande wa ndani wa utumbo. Sindano ya begani huujaza mwili kingamwili zinazozunguka kwenye damu, na ni chache tu zinazovuja hadi kwenye ute wa utumbo. Chanjo ya kumeza huziamsha seli za utumbo wenyewe, zikatoa kingamwili mahali hasa vita vinapopiganwa.

Ili jambo hilo lieleweke ilibidi kwanza ijulikane kipindupindu kinaua vipi. Hapa pana jina ambalo kwa maoni yangu lilistahili heshima kubwa zaidi kuliko ile liliyopewa: Sambhu Nath De, daktari Mbengali aliyefanya kazi Calcutta bila vifaa vya kujivunia. De alifunga kipande cha utumbo wa sungura kwa uzi pande zote mbili na kuingiza ndani maji yaliyokuwa yamekuza vimelea, baada ya kuyachuja mpaka kisibaki kimelea hata kimoja. Kipande kile kilijaa maji na kufura. Mwaka 1959 akatangaza katika jarida la Nature kwamba kimelea hutoa sumu, na kwamba sumu hiyo peke yake inatosha kuleta maji ya kipindupindu. Miaka kumi baadaye, Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto huko Marekani waliitenga sumu hiyo ikiwa safi.

Sumu yenyewe ina sehemu mbili, A na B. Sehemu tano za B hushika ukuta wa seli kama wenzake mwizi wanaoushikilia mlango, kisha A hupenya ndani na kuifungulia seli mabomba ya chumvi na maji. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa. B bila A haina madhara yoyote. Mjini Gothenburg, Sweden, Jan Holmgren na Ann-Mari Svennerholm walijenga chanjo juu ya ujuzi huo: vimelea vizima vilivyouawa, vikichanganywa na sehemu B iliyosafishwa, ili utumbo ujifunze kukizuia kimelea kisishike na pia kuizuia sumu isifanye kazi. Njia ya mkato ilikuwa imeshajaribiwa na kushindwa. Mwaka 1974 watafiti walichoma watu wa Bangladesh sindano ya sumu iliyopozwa makali bila vimelea, na kinga iliyopatikana ilikuwa haba. Wakati huohuo majaribio ya Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, yalionyesha kwamba aliyewahi kuugua kipindupindu na kupona hubaki na kinga kwa miaka. Kama ugonjwa wenyewe, unaoingia kwa mdomo, unaacha kinga ndefu, basi chanjo inayopita njia hiyohiyo ingeweza nayo kufanya vivyo hivyo.

Mahali pa kulithibitisha palikuwa Matlab, eneo la mito na mashamba ya mpunga kusini mashariki mwa Dhaka. Tangu miaka ya 1960 kituo cha utafiti wa kuhara, ambacho leo kinajulikana kama icddr,b, kilikuwa kikihesabu kila kizazi, kila kifo na kila ndoa katika vijiji vyake, na wagonjwa walifikishwa hospitalini kwa boti. Mwaka 1985 watafiti wakiongozwa na John Clemens na David Sack waliwagawa watoto wa miaka 2 hadi 15 na wanawake wazima katika makundi matatu. La kwanza lilikunywa vimelea vilivyouawa pamoja na sehemu B. La pili lilikunywa vimelea peke yake. La tatu lilikunywa bakteria wengine wasiohusiana na kipindupindu, kwa ajili ya kulinganisha. Zaidi ya watu 60,000 walimaliza dozi zote tatu.

Katika miezi sita ya mwanzo, chanjo yenye B ilizuia asilimia 85 ya ugonjwa, na ile ya vimelea peke yake asilimia 58. Lakini watafiti hawakuishia hapo, wakaendelea kufuatilia. Baada ya miaka mitatu chanjo zote mbili zilikuwa zimelingana, kila moja ikiwa imezuia takriban nusu ya ugonjwa. Matokeo hayo ndiyo yaliyoamua historia yote iliyofuata. Sehemu B ilileta kinga ya haraka na kali, lakini haikudumu. Vimelea vilivyouawa, vitu vya bei rahisi ambavyo kiwanda chochote cha chanjo kinaweza kuvikuza, ndivyo vilivyobeba kinga ya muda mrefu.

Matlab ilikuwa na jambo jingine ambalo halikuonekana kwa miaka 20. Mwaka 2005 Mohammad Ali na wenzake walizirudia takwimu zilezile wakiwa na ramani za vijiji na kuuliza swali jipya: je, waliokunywa kinywaji cha kulinganishia walipata faida yoyote kwa kuishi karibu na waliochanjwa? Kwenye maeneo ambako wachache walichanjwa, kipindupindu kiliwapata watu 7 kati ya kila 1,000 wa kundi la kulinganishia. Kwenye maeneo ambako zaidi ya nusu walichanjwa, idadi ilishuka hadi 1.5 hivi. Mtu ambaye hakupata chanjo yoyote alilindwa na majirani zake. Kipindupindu husambaa kupitia kinyesi na maji, na anayezuiwa kuharisha huacha pia kuyachafua maji wanayoyategemea wengine.

Mwaka 1991 Sweden iliiidhinisha chanjo yenye sehemu B kwa jina la Dukoral. Ilikuwa chanjo nzuri lakini yenye masharti. B huharibiwa na asidi ya tumbo, kwa hiyo kila dozi ilipaswa kuchanganywa na unga wa kupunguza asidi katika mililita 150 za maji safi. Kwenye zahanati ya Stockholm hilo si tatizo. Kwenye kambi ya wakimbizi ambako watu wanaugua kwa sababu ya kukosa maji safi hasa, kubeba maelfu ya lita za maji safi ili kunywesha chanjo ni mzigo mkubwa. Bei nayo ilikuwa ya wasafiri. Mwezi Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walifurika Goma, na karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Sidai kwamba chanjo ya dozi mbili ingeliwahi gharika lile, kwani ugonjwa ulipanda kwa siku chache kuliko kinga inavyochukua kujengeka. Lakini baada ya Goma hakukuwa na sababu ya kutokuweka akiba kwa ajili ya kambi nyingine. Mwaka 1997 wakimbizi wa Sudan waliokuwa wametulia Adjumani, kaskazini mwa Uganda, walinyweshwa Dukoral, ikawa mfano wa kwanza wa chanjo hiyo kutolewa kwa wingi kambini. Mfano huo haukufuatwa kwa kasi iliyostahili. Wengi katika mashirika ya afya walihofia kwamba fedha za chanjo zingechotwa kwenye bajeti ya visima, vyoo na dawa za kurudisha maji mwilini, na mjadala ukaendelea mwaka baada ya mwaka.

Wakati huohuo Vietnam haikusubiri. Nchi iliyokuwa imetoka vitani, yenye vikwazo vya kiuchumi na fedha kidogo za kigeni, ilipokea ujuzi wa Gothenburg katikati ya miaka ya 1980. Katika taasisi ya usafi na epidemiolojia ya Hanoi, Dang Duc Trach na wenzake waliiacha sehemu B, wakabaki na vimelea vilivyouawa. Hapo unga wa kupunguza asidi ukawa hauna kazi, na maji ya kuchanganyia hayakuhitajika. Jaribio lilifanyika mjini Hue mwaka 1992 na 1993, katika wilaya zenye wakazi wapatao 334,000, na ugonjwa ukapungua kwa asilimia 66. Dozi moja iligharimu takriban senti kumi za dola. Baadaye waliongeza kwenye chanjo aina mpya ya kimelea iliyoitwa O139, iliyozuka India na Bangladesh mwaka 1992, na mamilioni ya dozi yakatumika nchini humo. Hakuna nchi nyingine wakati ule iliyokuwa ikitumia chanjo ya kipindupindu kama kinga ya kawaida ya wananchi wake.

Mbona basi haikufika Dar es Salaam, Mombasa au Beira? Mashirika ya Umoja wa Mataifa hununua tu chanjo zilizothibitishwa na Shirika la Afya Duniani, na shirika hilo huthibitisha chanjo za nchi ambayo mamlaka yake ya kusimamia dawa imekidhi vigezo. Mamlaka ya Vietnam ilikuwa bado haijakidhi. Tena mojawapo ya mbegu za kimelea zilizotumika ilikuwa inatoa sumu nyingi mno kwa vipimo vya kimataifa. Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo, IVI, yenye makao yake Seoul, iliichukua kazi hiyo. John Clemens yuleyule wa Matlab alikuwa mkurugenzi mkuu wake wa kwanza. Mbegu yenye sumu ikabadilishwa, kipimo cha vimelea kikarekebishwa, na ujuzi ukapelekwa India, ambako mamlaka ilikuwa na kibali. Kampuni ya Shantha Biotechnics ya Hyderabad ikaanza kuitengeneza kwa jina la Shanchol.

Jaribio kubwa lilifanyika kwenye vitongoji duni vya Kolkata kuanzia mwaka 2006, kwa karibu watu 67,000, wote wakipokea mililita moja na nusu mdomoni, mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Miaka miwili baadaye chanjo ilikuwa imezuia asilimia 67 ya ugonjwa. Miaka mitano baadaye kinga ilikuwa bado asilimia 65. Sindano ya zamani haikuwahi kukaribia muda huo. Shanchol iliidhinishwa India mwaka 2009 na kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, kwa bei ya dola 1.85 kwa dozi.

Kulikuwa na njia nyingine iliyotegemewa sana, ya kutumia kimelea hai kilichonyang'anywa sumu. Myron Levine na James Kaper wa Baltimore waliondoa kwenye kimelea kipande cha jeni la sehemu A, wakapata chanjo ya dozi moja iliyowalinda vizuri watu wa Marekani waliojitolea kunyweshwa kipindupindu. Ilipojaribiwa kaskazini mwa Jakarta, Indonesia, kwa watu wapatao 67,000, haikuonyesha kinga ya maana, na uzalishaji ukasimama baadaye. Imerudi tangu 2016 kwa jina la Vaxchora, ikiuzwa hasa kwa wasafiri wa nchi tajiri.

Karibu ushahidi wote niliouleza mpaka hapa ni wa Asia. Afrika, ambako kipindupindu cha wimbi la saba la dunia, ambalo lingali linaendelea, kiliingia mwaka 1970 na hakikuondoka tena, ilikuwa na maswali yake: je, chanjo itafanya kazi mahali ambapo wengi wana virusi vya Ukimwi, na ambako kipindupindu huja kwa milipuko badala ya kukaa mwaka mzima? Beira, Msumbiji, ndiyo iliyojibu kwanza. Katika mtaa wa Esturro, ambako zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano aliishi na VVU, Dukoral ilitolewa mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004, na ilizuia asilimia 78 ya ugonjwa.

Kisha ikaja zamu ya Zanzibar. Visiwa hivi vina uhusiano mrefu na kipindupindu. Karne ya 19 kilifika mara kadhaa, kwa majahazi ya pepo za kaskazi na kwa misafara ya bara, na daktari Mskoti James Christie aliyekuwa akiishi Unguja aliandika kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1876, akifuatilia njia ambazo wimbi la 1869 na 1870 lilipita mpaka kufika Pangani na Unguja. Katika wimbi la sasa, mlipuko wa kwanza ulitokea mwaka 1978 kwenye kijiji cha wavuvi, na kuanzia hapo milipuko ikawa inarudi kila baada ya miaka michache, mara nyingi na masika.

Mwezi Januari na Februari 2009, Wizara ya Afya ya Zanzibar, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na IVI, ilitoa Dukoral katika maeneo sita ya Unguja na Pemba, miongoni mwake Chumbuni kando ya mji wa Zanzibar na Mwambe, Pemba. Kati ya watu zaidi ya 48,000 waliostahili, nusu walimaliza dozi zote mbili. Ukifikiria kikombe, unga, maji safi na kurudi tena baada ya wiki mbili, nusu si haba. Kipindupindu kilizuka baadaye mwaka huohuo. Ahmed Khatib na wenzake waliwafuatilia wagonjwa hadi Mei 2010 na kukuta kwamba aliyekunywa dozi mbili alipunguziwa hatari kwa asilimia 79. Walikuta pia kile Matlab ilichokuwa imekionyesha: kadiri majirani wengi walivyochanjwa, ndivyo hata asiyechanjwa alivyosalimika. Kwangu mimi hayo ndiyo matokeo makubwa zaidi ya kazi ile. Serikali isiyo na uwezo wa kumfikia kila mtu inaweza kumlinda hata asiyefikiwa, mradi ifikie wengi wa mtaa wake.

Zanzibar ilitoa na ushahidi mwingine ambao haukupangwa. Wajawazito hawakupaswa kupewa chanjo, kwa tahadhari tu. Lakini karibu wanawake 200 walichanjwa wakiwa na mimba, wengi kabla ya kujua. Ramadhan Hashim na wenzake waliwatafuta baadaye na kulinganisha mimba zao na za wanawake wasiochanjwa, na hawakukuta madhara yaliyoongezeka. Kwa mjamzito, kipindupindu chenyewe ndicho kinachotishia kumtoa mtoto tumboni. Tafiti za Malawi, Guinea na Bangladesh zilithibitisha jambo hilo baadaye, na leo wajawazito wanaruhusiwa kuchanjwa. Wanawake wa Unguja na Pemba walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulifungua lango hilo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Kipindupindu kiliingia Haiti mwaka 2010 na kuua maelfu, na ubishi wa zamani kuhusu visima dhidi ya chanjo ukaanza kuisha, maana watu walikuwa wanakufa huku mabomba yakiwa bado kwenye michoro. Mwaka 2012 Madaktari Wasio na Mipaka waliwanywesha Shanchol watu wa Boffa na Forécariah, Guinea, mlipuko ukiwa unaendelea, na chanjo ikazuia zaidi ya asilimia 80 ya ugonjwa. Mwaka 2013 ghala la dunia likafunguliwa na dozi milioni mbili. Kampuni ya EuBiologics ya Korea Kusini, nayo ikiwa imepewa ujuzi na IVI, iliingia sokoni na Euvichol mwishoni mwa 2015, kisha ikaifungasha kwenye kijipira cha plastiki kinachominywa moja kwa moja mdomoni. Hakuna kichupa cha kioo cha kuvunjika, na uzito wa kubeba ukapungua.

Chanjo hizi bado zina upungufu mkubwa, na unawahusu wadogo. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta dozi mbili zinawakinga watu wa miaka 5 na zaidi kwa asilimia 64, lakini watoto wa chini ya hapo kwa asilimia 30 tu. Utumbo wa mtoto ambaye hajawahi kukutana na kimelea hauna kumbukumbu ya kuamshwa. Pia mwaka 2022, kwa uhaba wa chanjo, dunia ililazimika kutoa dozi moja badala ya mbili. Utafiti wa Espoir Bwenge Malembaka na wenzake huko Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ulionyesha mwaka 2024 kwamba dozi hiyo moja ilikuwa ingali inazuia kama nusu ya ugonjwa baada ya mwaka mmoja, na asilimia 45 hivi kufikia mwaka wa tatu. Ni zaidi ya nilivyotarajia, na ni ushahidi uliokusanywa na Wakongo katika mji ambao kipindupindu hakitoki. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, dozi moja haitoshi. Ndiyo maana watafiti wa Boston na Seoul wanajaribu sukari ya ngozi ya kimelea iliyounganishwa na protini, kama zilivyo chanjo za kichomi za watoto. Huko Gothenburg timu ya Holmgren inatengeneza kapsuli kavu isiyotegemea jokofu. Tokyo walikuza mpunga ambao punje zake zina sehemu B ndani yake, na matokeo ya jaribio la kwanza kwa watu yalichapishwa mwaka 2021.

Tatizo lililouma zaidi miaka ya karibuni lilikuwa idadi. Mwaka 2023 viwanda vyote vilitoa takriban dozi milioni 37, huku nchi zikiomba zaidi ya mara mbili ya hizo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Shanchol iliacha kutengenezwa na dunia ikabaki na mtengenezaji mmoja kwa ghala lote. Kilichookoa hali ni kurahisisha tena, kama Hanoi walivyofanya. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha Euvichol-S, yenye mbegu chache na njia moja ya kuviua vimelea, ili kiwanda kilekile kitoe dozi nyingi zaidi. Mwezi Agosti mwaka huo Bharat Biotech ya India ikazindua Hillchol, yenye mbegu moja tu iliyotengenezwa kwa ujuzi wa Gothenburg.

Bara linaloitumia chanjo hii kuliko yote halijawahi kuitengeneza. Mwaka 2022 kampuni ya Biovac ya Cape Town ilitia saini mkataba na IVI wa kupokea ujuzi huo, kuanzia kukuza vimelea, kuviua, mpaka kujaza dozi. Mwaka 2025 jaribio la chanjo yake kwa watu lilianza Afrika Kusini. Ikifaulu kwenye jaribio hilo, itabaki kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kabla ya kuingia kwenye ghala linalohudumia Uvira, Lusaka, Beira na Unguja.